Mjue Mdudu Kabla ya Kununua Dawa: Somo la Kukusanya na Kuchunguza Kupe, Inzi na Dundu wa Zizini



Somo la safari hii linahusu wadudu. Huhitaji fedha nyingi ili kulifuata. Linahitaji macho, subira, chupa mbili tatu tupu na watoto wa nyumbani, ambao mara nyingi ndio huwaona wadudu kabla yetu sisi wakubwa. Lengo ni kaya iweze kuwakusanya wadudu wanaoishi na mifugo, kuwatambua, kuwahesabu na kuona wanavyoishi, ili uamuzi wa kuogesha, kuchanja au kutibu ufanywe kwa kujua, si kwa kubahatisha.

Kwa nini tujisumbue na wadudu?

Nikifika kwenye maboma, hali ninayoikuta mara kwa mara ni hii. Ndama amelala, hali, manyoya yamesimama. Mwenye ndama ameuza mbuzi, amenunua dawa dukani na amechoma sindano mbili. Ndama hajapata nafuu. Nikiuliza, "Ulichoma dawa ya ugonjwa gani?" jibu ni, "Ya homa."

Homa si ugonjwa mmoja. Ng'ombe hupata homa kwa ndigana kali, ndigana baridi, ugonjwa wa kukojoa damu, moyo kujaa maji na nagana, na kila ugonjwa una dawa yake. Oksitetrasaiklini, ambayo wengi huinunua kwanza, hutibu ndigana baridi na moyo kujaa maji ikiwahi, lakini haimponyi ng'ombe mwenye ndigana kali. Nagana nayo ina dawa zake. Ukikosea, unapoteza fedha ya mbuzi, kisha unampoteza na ndama.

Magonjwa hayo matano huletwa na kupe au inzi, na kila mmoja ana mwenezaji wake maalumu. Mfugaji anayejua kupe gani yuko kwenye mifugo yake, au inzi gani wapo malishoni alikotoka, anampa mtaalamu nusu ya jibu. Nusu nyingine hutokana na dalili za mnyama na vipimo vya damu au majimaji ya tezi.

Wafugaji hawajaanza leo kuwa na macho ya namna hii. Huko Marekani, wachungaji wa ng'ombe walishuku kwa miaka mingi kwamba kupe ndio walioleta homa iliyowaua ng'ombe wao, na wasomi wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1893 Theobald Smith na Frederick Kilborne walichapisha matokeo ya majaribio yao: ng'ombe waliowekwa penye kupe waliugua, na waliowekwa pasipo kupe hawakuugua. Kwa hiyo usiidharau kazi ya kuangalia na kuhesabu.

Vifaa vya kukusanyia

1. Chupa ndogo zenye kifuniko zilizooshwa vizuri. Chupa za plastiki zinazopitisha mwanga zinafaa.
2. Spiriti ya kusafishia vidonda ya kuhifadhia kupe. Weka kiasi cha kuwafunika tu.
3. Viberiti vitupu na pamba au karatasi laini kwa inzi na dundu waliokauka.
4. Kibano. Kama hakipo, vaa mfuko wa plastiki mkononi.
5. Penseli na vipande vya karatasi. Usitumie kalamu ya wino, kwa sababu spiriti hufuta wino lakini haifuti penseli.
6. Daftari, au kokoto na kibuyu kwa asiyeandika. Njia hiyo nitaieleza.

Ndani ya kila chupa weka kipande cha karatasi chenye mambo manne: tarehe, mahali, mnyama aliyetolewa mdudu, na sehemu ya mwili alipokuwa. Chupa isiyo na maelezo haya haina faida. Kupe mia moja wasiojulikana walikotoka hawatufundishi kitu.

Kanuni za usalama

Usimpasue kupe kwa kucha wala kwa meno. Damu iliyomo ndani yake inaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa, na baadhi ya kupe huambukiza binadamu pia. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta ya taa akiwa bado kwenye mwili wa mnyama. Mshike karibu na ngozi na umvute taratibu, moja kwa moja. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Watoto wafanye kazi hii wakiwa na mtu mzima, na chupa ya spiriti isikae karibu na jiko wala mahali ambapo mtoto mdogo ataifikia. Mnyama mkali afungwe kwanza.

ZOEZI LA KWANZA: KUPE

Kupe ana miguu minane akikomaa, kama buibui, lakini katika kazi zetu tunamhesabu pamoja na wadudu wa mifugo. Chagua ng'ombe watano na uwaangalie siku moja kila wiki, asubuhi kabla hawajatoka zizini. Chagua wa aina tofauti: ng'ombe wa maziwa, dume, mtamba na ndama wawili. Angalia upande mmoja tu wa mwili, kuanzia sikio, shingo, kwapa, tumbo, kiwele au korodani, chini ya mkia hadi kati ya kwato. Ukitaka makadirio ya mwili mzima, zidisha mara mbili.

Utakaowaona mara nyingi ni wa namna nne.

Kupe wa masikio. Ana rangi ya kahawia, hana madoa. Hupenda kukaa ndani ya sikio na kandokando yake. Huyu ndiye anayeeneza ndigana kali, ugonjwa unaoua ndama wengi. Dalili zake ni tezi kuvimba chini ya sikio na mbele ya bega, homa, kuacha kula, na mwishoni kuhema kwa shida na kutoa povu puani.

Kupe wa bluu. Ni mdogo, na jike akishiba damu huwa kama punje ya rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Hukaa shingoni, ubavuni na tumboni. Hueneza ugonjwa wa kukojoa damu na pia ndigana baridi. Mwenye ndigana baridi hukonda, hupata choo kigumu, na ufizi wake huwa mweupe au wa manjano.

Kupe wa madoadoa. Ni mkubwa, mgongo wake una mapambo ya rangi, miguu yake ina pete nyeupe na mdomo wake ni mrefu. Hukaa kwenye kiwele, korodani, kifua na chini ya mkia. Hueneza moyo kujaa maji, ugonjwa unaowasumbua sana kondoo na mbuzi: mnyama huzunguka, huinua miguu kupita kawaida, huanguka na kufa kwa muda mfupi. Mdomo wake mrefu pia huacha vidonda, na chuchu ya ng'ombe inaweza kuharibika kabisa.

Kupe wa miguu myekundu. Mwili wake ni wa kahawia iliyokolea na miguu yake ni myekundu kama udongo wa kichuguu. Wakubwa hukaa chini ya mkia, wadogo hujificha ndani ya sikio.

Kila kabila hapa kwetu lina majina yake ya kupe hawa. Mnyiramba, Mnyisanzu, Mdatoga na Msukuma wote wanawatambua. Andika jina la nyumbani kwenye karatasi ya chupa, kisha waulize wazee wanajua nini juu ya kila mmoja. Mzee aliyechunga miaka arobaini anajua kupe gani hutoka mvua zikianza na bonde gani lina kupe wengi. Maarifa hayo yaandikwe kabla hayajapotea.

Chupa ya kupe jike

Hili ni zoezi ambalo watoto hulipenda, na wakubwa pia hushangaa. Chukua kupe jike aliyeshiba damu, aliyevimba kama mbegu ya mbarika. Mweke ndani ya chupa kavu isiyo na spiriti, pamoja na kipande kidogo cha kitambaa chenye unyevu kidogo. Funika mdomo wa chupa kwa kitambaa kizito, ukaze kwa kamba au mpira. Weka chupa kivulini, ndani ya bakuli lenye maji yenye sabuni, ili akitoka afie hapo.

Kwa siku kadhaa utaona kama hakuna kinachotokea. Kisha, kabla wiki mbili hazijaisha, utaona mayai ya kahawia yanayong'aa yakirundikana mbele yake. Yatazame, ujaribu kuyakadiria. Kupe jike mmoja wa masikio hutaga maelfu ya mayai, 3,000 na zaidi, kisha hufa. Baada ya kuyaona, mimina maji yanayochemka ndani ya chupa au ichome moto. Usisubiri mayai yaanguliwe. Ifanye kazi hiyo mwenyewe, usimwachie mtoto.

Zoezi hili linakupa hesabu. Kupe mmoja uliyemwacha sikioni akadondoka malishoni amepanda maelfu ya wengine. Ndiyo maana tunasisitiza ratiba ya kuogesha isivunjwe wakati wa mvua, hata kama kwa macho ng'ombe wanaonekana safi.

Maisha ya kupe wa masikio

Yai linapoanguliwa hutoka kupe mdogo sana mwenye miguu sita. Hupanda kwenye jani la nyasi na kungoja mnyama. Akishamnyonya hudondoka, hujivua na kuwa na miguu minane. Hupanda mnyama wa pili, hunyonya, hudondoka tena na kujivua, kisha huwa kupe mkubwa na kupanda mnyama wa tatu. Anahitaji wanyama watatu, na kati ya mmoja na mwingine anaweza kungoja miezi mingi bila chakula, hata kuzidi mwaka.

Hapa kuna mambo mawili ya faida kwako.

La kwanza, mayai ya kupe wa masikio hayana ndigana kali. Kupe mdogo huichukua kwa mnyama aliye na vijidudu na huipeleka kwa mnyama anayefuata baada ya kujivua. Ng'ombe aliyepona anaweza kubaki na vijidudu, kwa hiyo ng'ombe mgeni uliyemnunua mnadani, hata akionekana mzima, anaweza kuwa chanzo cha ugonjwa. Muogeshe kabla hajachanganyika na wengine.

La pili, kupe huyu akimpanda ng'ombe haambukizi papo hapo. Kwa kawaida hunyonya siku tatu hadi nne kwanza, ndipo vijidudu vilivyo kwenye mate yake vinapokomaa. Kumbe kuogesha na kuwatoa kupe masikioni mwa ndama mapema kunaokoa maisha.

Kupe wa bluu ni tofauti. Huyu hukaa kwenye mnyama mmoja tangu utoto hadi anaposhiba na kudondoka, muda wa kama wiki tatu. Vijidudu vya kukojoa damu hupita kwenye mayai yake hadi kwa watoto. Kwa hiyo kupe wadogo wa bluu, wasioonekana vizuri kwa macho, tayari ni hatari.

Hesabu kabla na baada ya kuogesha

Hili ndilo zoezi litakalokuokolea fedha haraka zaidi. Siku ya kuogesha, hesabu kupe wa ng'ombe wako watano kabla hawajaingia josho au kupuliziwa. Baada ya siku mbili hesabu tena kupe walio hai tu. Kupe aliyekufa hukauka na hutoka kirahisi, aliye hai huchezesha miguu ukimgusa.

Kama walio hai wamebaki wachache sana, dawa inafanya kazi. Kama wamebaki wengi, jiulize kwa mpangilio huu:

Je, nilipima dawa kwa kipimo, au kwa kifuniko na macho? Dawa iliyopunjwa haiui kupe wote. Wanaobaki ni wale sugu, na hao ndio wanaozaa. Baada ya misimu kadhaa utakuwa umejifugia kupe wasiosikia dawa.

Je, dawa ilifika? Anayepulizia mgongo tu amewaacha kupe wa masikio, wa chini ya mkia na wa kwenye kwato walipo. Ng'ombe alowe hadi maji yachuruzike tumboni, na masikio yapuliziwe ndani na nje.

Je, mvua ilinyesha kabla dawa haijakauka? Je, dawa imepita muda wake, au ilinunuliwa kwenye chupa isiyo na lebo?

Kama yote hayo yako sawa na kupe bado wako hai, waweke kwenye chupa kavu, chukua na chupa ya dawa uliyotumia, ulete vyote kwa afisa mifugo wako. Huenda ni usugu, na itabidi tubadilishe aina ya dawa, si jina la dukani tu. Dawa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa na kiini kilekile. Soma lebo au mwombe kijana anayesoma akusomee.

Mabaki ya dawa usimwage karibu na kisima, lambo au mizinga. Singida inajulikana kwa asali, na dawa ya kuogeshea huua nyuki kama inavyoua kupe.

ZOEZI LA PILI: INZI

Inzi wote si sawa. Wakamate kwa chupa pana au kitambaa chepesi, waache wafe ndani ya chupa iliyofungwa, uwakaushe kivulini mbali na siafu, kisha uwalaze kwenye kiberiti chenye pamba. Waangalie mambo mawili: mdomo na mabawa.

Inzi wa kawaida wa nyumbani ana mdomo laini wa kulamba, haumi. Hata hivyo hubeba uchafu, na hukusanyika machoni mwa ndama na kueneza ugonjwa wa macho.

Inzi wa zizini anayeuma anafanana sana na wa nyumbani, lakini mdomo wake ni kama sindano iliyochomoza mbele, na akitua mabawa yake hukaa yameachana. Huuma hasa miguu, na ng'ombe hupiga kwato chini siku nzima. Inzi wanaouma wanaweza kueneza ugonjwa wa mapele ya ngozi kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Ugonjwa huo una chanjo, na chanjo hutolewa kabla ya ugonjwa kuingia, si baada ya mapele kutokea.

Mbung'o ni mkubwa kidogo kuliko inzi wa nyumbani. Alama yake kuu ni mabawa: akitulia huyalaza moja juu ya lingine kama makasi yaliyofungwa. Mdomo wake huelekea mbele. Dume na jike wote hunyonya damu, na huyu ndiye mwenezaji mkuu wa nagana. Uhusiano wa mbung'o na nagana ulithibitishwa na David Bruce huko Zululand, Afrika Kusini, kuanzia mwaka 1895.

Ndugu mfugaji unayehamisha ng'ombe wakati wa kiangazi kwenda upande wa Itigi, Rungwa au Tabora kutafuta malisho, zoezi hili ni lako hasa. Mpe kijana anayekwenda na ng'ombe kiberiti kimoja. Akiona inzi mwenye mabawa ya makasi, amhifadhi na akumbuke mahali. Ng'ombe wakirudi na mmoja akaanza kukonda, kutoa machozi, kupungukiwa damu au kutupa mimba, kiberiti hicho kitatuambia tuanze kupima nagana badala ya kuchoma dawa tatu tofauti. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, na mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mchungaji anayepita porini avae nguo za rangi hafifu.

Kazi ya kukamata na kuhesabu mbung'o imewahi kuzaa matunda makubwa nchini mwetu. Unguja ilikuwa na mbung'o wa aina moja, na ng'ombe walipata nagana. Kuanzia mwaka 1994 wataalamu walifuga mbung'o huko Tanga, wakawafanya madume wasiweze kuzalisha kwa kutumia mionzi, kisha wakawaachia kwa ndege juu ya kisiwa. Jike aliyepandwa na dume wa namna hiyo hakupata mtoto. Madume zaidi ya milioni 8 waliachiwa. Lakini wangejuaje kama wanashinda? Kwa mitego. Mbung'o walionaswa walichunguzwa na kuhesabiwa, hadi mbung'o wa mwisho wa porini alipokamatwa mwaka 1996. Mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o.

Iliwezekana kwa sababu mbung'o hazai kama inzi wengine. Jike hazai mayai rundo, hulea buu mmoja tumboni na kumzaa kila baada ya siku 9 au 10. Inzi wa zizini yeye hutaga mayai mengi kwenye kinyesi na majani yaliyooza. Kwa hiyo adui huyu wa pili tunampunguza kwa usafi wa zizi.

ZOEZI LA TATU: KINYESI NA DUNDU WAKE

Sio kila mdudu ni adui. Asubuhi moja baada ya mvua, tafuta kinyesi kibichi cha ng'ombe malishoni. Weka kijiti kando yake kiwe alama. Rudi mchana, jioni na kesho yake. Kila unaporudi, kipindue kwa fimbo na uangalie.

Utaona dundu weusi wa ukubwa mbalimbali. Wengine hukata kinyesi, hukifanya mpira na kuuviringisha kwa miguu ya nyuma hadi mahali pa kuufukia. Wengine huchimba shimo chini ya kinyesi na kukishusha humo. Wengine huishi ndani yake palepale. Hutaga mayai humo na watoto wao hula humo.

Faida yake kwako ni kubwa. Kinyesi kinachofukiwa hakina nafasi ya kulea funza wa inzi, na minyoo iliyomo haipati nafasi nzuri ya kupanda kwenye nyasi. Ardhi hupata mbolea na matundu ya kupitisha maji. Australia walijifunza hili kwa gharama. Ng'ombe walipelekwa huko na wazungu, lakini dundu wa huko walizoea kinyesi cha kangaruu. Kinyesi cha ng'ombe kilibaki juu ya ardhi, malisho yakaharibika na inzi wakazidi. Kuanzia miaka ya 1960 mtaalamu George Bornemissza na wenzake waliwapeleka huko dundu kutoka nje, wengi wao kutoka Afrika. Wewe unao bure.

Fanya jaribio la pili. Chukua kinyesi cha ng'ombe aliyechomwa sindano ya ivamektini wiki iliyopita na cha ambaye hakuchomwa, uviweke mita chache kutoka kimoja hadi kingine. Hesabu dundu na funza baada ya siku tatu na baada ya wiki. Dawa hiyo hutoka na kinyesi na inaweza kuua watoto wa dundu waliomo. Sisemi uiache. Tumia pale mnyama anapoihitaji, kwa kipimo sahihi, si kila mwezi kwa mazoea.

Ndani ya zizi, kuku nao husaidia: hula kupe waliodondoka na funza. Lakini waondoe siku ya kupulizia dawa.

ZOEZI LA NNE: MBU NA PAPASI

Mvua zikizidi, chota maji ya dimbwi au ya nyayo za ng'ombe karibu na lambo kwa kikombe cheupe. Viluwiluwi vinavyojinyonganyonga ni watoto wa mbu. Mbu hawaleti malaria tu. Mwaka 2007, baada ya mvua nyingi, homa ya Bonde la Ufa iliua mifugo na watu katika mikoa kadhaa ya Tanzania, na Dodoma jirani zetu waliumia sana. Kondoo, mbuzi na ng'ombe wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja baada ya mvua kubwa, usiguse mimba hizo kwa mikono mitupu, usichinje mgonjwa, usinywe maziwa mabichi. Toa taarifa siku hiyohiyo.

Akina mama, kagueni nyufa za sakafu na kuta za udongo usiku kwa tochi. Papasi ni ndugu wa kupe mwenye ngozi ya makunyanzi. Hunyonya usiku kwa muda mfupi na kurudi kwenye ufa, na huleta homa ya papasi kwa binadamu. Jamaa zake hukaa kwenye nyufa za banda la kuku. Ziba nyufa, fagia, toa matandiko juani.

Kutunza kumbukumbu

Kwenye daftari piga mistari ya safu tano: tarehe, mnyama, kupe kabla ya kuogesha, kupe hai baada ya siku mbili, na jambo lililotokea (mvua, ugonjwa, kuhama, kununua ng'ombe mgeni). Asiyeandika aweke vibuyu viwili, kimoja cha kabla na kingine cha baada, na kokoto moja kwa kila kupe. Mwanafunzi wa nyumbani atahesabu na kuandika jioni. Baada ya msimu mmoja wa mvua mtaona wenyewe mwezi gani kupe huzidi na malisho gani yana hatari.

Lete kwa mtaalamu

Lete chupa zako ukiona kupe usiyemfahamu, kupe hai baada ya kuogesha vizuri, au mbung'o. Usisubiri kukusanya kupe kama kuna ng'ombe mwenye tezi zilizovimba, anayekojoa damu au anayehema kwa shida. Mwite mtaalamu kwanza, kwa kuwa kwa ndigana kali siku moja ni kubwa. Uliza pia kuhusu chanjo ya ndigana kali kwa ndama wako. Sampuli zinazohitaji maabara tutazipeleka kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari kilichopo Dodoma.

Maswali ya kujadili katika kikundi au nyumbani

1. Kupe gani wanne umewaona kwenye ng'ombe wako, na kila mmoja alikuwa sehemu gani ya mwili?
2. Ng'ombe wako watano walikuwa na kupe wangapi kabla ya kuogesha, na wangapi hai baada ya siku mbili? Hiyo inakuambia nini kuhusu dawa yako?
3. Utamtofautishaje mbung'o na inzi wa zizini?
4. Kwa nini ng'ombe mgeni anayeonekana mzima anaweza kuleta ndigana kali?
5. Kinyesi cha malishoni kwenu kinachukua siku ngapi kumalizika? Nani anakimaliza?

Ndugu mfugaji, anza na ng'ombe watano na chupa moja wiki hii. Ukija ofisini au tukikutana joshoni, njoo na chupa hiyo, na mtoto aliyekusaidia umlete pia aeleze alichokiona.